Kilo Nne na Gramu Mia Mbili

Pini ya mguu wa mbele ilikuwa imeng'olewa. Ndege iliyowachukua wahandisi miaka tisa kuibuni na kuiunda ilikuwa imekaa juu ya jeki kama mgonjwa, na kesho yake ilitakiwa iruke kwa mara ya kwanza.

Inspekta alikuwa ameizunguka tangu asubuhi mpaka miguu ikamvimba. Sifa za ndege alisomewa hadi zikamchosha: injini mbili, viti mia mbili na sitini, njia mbili za kupita katikati ya abiria. Mafundi arobaini walihojiwa, na wote arobaini hawakuona kitu.

"Nani anaweza kuitoa pini hiyo?" alimuuliza mhandisi mkuu.

"Fundi yeyote, Afande. Lakini hapa hata skrubu haitoki ndegeni bila kupimwa uzito na kuandikwa." Akacheka kidogo. "Labda mwizi naye kajiandikisha."

Inspekta hakuwa na nguvu za kucheka. Alijikokota hadi chumba cha mizani, akafunua daftari. Mstari wa mwisho, wa jana, ulisema: *Pini, mguu wa mbele. Imetolewa. Kilo nne na gramu mia mbili.*

Mpima uzito, mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa amekaa papo hapo.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Umeiba, kisha ukaandika?"

"Miaka thelathini ya kazi hii, Afande. Mkono uliandika wenyewe."

Inspekta alivuta kiti, akafungua kitabu cha vipimo vya ndege. Pini ileile, humo, ilikuwa kilo tano kamili.

"Gramu mia nane zimekwenda wapi, Mzee? Usinizungushe, nimechoka."

Mzee alivua miwani.

"Ndege ilizidi uzito. Kila siku wakubwa wananiita: punguza, punguza. Maji yakanifika shingoni. Pini ikatobolewa katikati iwe nyepesi, nami nikatia sahihi kwamba imejaribiwa. Haikujaribiwa. Inaweza kukatika wakati wa kutua."

"Iko wapi?"

Aliitoa kwenye begi lake la chakula, akaiweka mezani taratibu.

"Kwa nini hukusema tu?"

"Aibu. Nilidhani ikikosekana watachonga nyingine, iliyo kamili, yaishe."

"Sahihi ulitia lini?"

"Miezi minne iliyopita."

"Ukashtuka jana?"

"Juzi rubani wa majaribio aliugua. Wakampanga mwingine. Binti yangu."

Inspekta alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamuudhi.

"Na yule wa kwanza asingeugua?"

Mzee aliisogeza pini kuelekea kwa Inspekta.

"Ningenyamaza, Afande. Nimewaza usiku na mchana, na jibu ni hilo hilo. Ningenyamaza."

Inspekta aliyaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, akamgeuzia karatasi atie sahihi. Mzee alivaa miwani, akasoma mara mbili, polepole, kama alivyopaswa kuisoma ile karatasi ya majaribio ya pini.