Majani ya Ngolo

Jumamosi ile soko la Mbinga lilijaa mpaka watu wakawa wanapita kwa ubavu. Siwema aligeuka dakika moja tu kumtafutia mteja mfuko, na aliporudisha macho kwenye biashara yake akakuta mwanaume mzima ameketi juu ya gunia lake la usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Jaketi la jinzi limekataa kufunga tumboni, kidevu kimeangukia kifuani, na anakoroma bila aibu.

"We kaka! Umelalia usipa wangu!"

Mwanaume akashtuka, akashika hewa kama anatafuta usukani. "Samahani dada. Nimekaa nisubiri fuso lishushe mzigo, sijui usingizi umenipitia saa ngapi."

"Saa nne ya asubuhi? Wenzako wanakunywa chai, wewe unaota?"

"Nilikuwa naota naendesha."

"Basi umeendesha juu ya dagaa zangu. Nimezianika mwenyewe Ngumbo, ziwani, zimefika Mbinga zikiwa nzima, wewe dakika tano umezifanya unga. Zote hizi za chini utazinunua."

"Nitanunua," akasema, akijipangusa mdomo. "Na namba ya simu utanipa?"

"Ya nini?"

"Nikisikia usingizi barabarani nikupigie, unigombeze."

Siwema akacheka, ingawa alikuwa amepania kukasirika. Alikuwa binti wa miaka ishirini na tisa, mrefu, mwenye rangi ya kahawa iliyokaangwa vizuri. Siku hiyo alivaa kitenge cha kijani chenye ndege wa njano, na juu yake sweta nene, maana watu wa ziwani hawajawahi kuizoea baridi ya Mbinga. Mwanaume aliitwa Kilian, mzaliwa wa Mapera, huko milimani, miaka thelathini na tano, dereva wa fuso la kubeba kahawa. Namba akapewa.

Kuanzia siku hiyo simu hazikukauka.

"Hujambo mama usipa?"

"Sijambo baba usingizi. Uko wapi leo?"

"Napanda mlima. Niimbie kidogo."

"Nikuimbie nikulaze, fuso liingie bondeni? Nakugombeza. Kilian, fumbua macho! Kilian, kaa vizuri!"

"Endelea hivyohivyo, mpenzi. Raha yake siwezi kueleza."

Siwema alimpenda kwa sababu alikuwa na kicheko cha karibu na hakumdanganya juu ya chochote. Hivyo ndivyo alivyoamini. Kilian alimpenda mpaka akawa anasimamisha gari njiani ili asikie sauti yake vizuri. Mwaka ukapita wakitaniana hivyo, na yeyote aliyewaona wamekaa pamoja kwenye supu ya stendi alijua harusi haiko mbali.

Ila kulikuwa na jambo. Mara ya kwanza walipopata faragha, nyumbani kwa Jacqueline, shangazi yake Siwema, aliyekuwa amesafiri, mwili wa Kilian haukuitika. Alimshika Siwema, moyo ukamjaa, na mwili ukakaa kimya kama redio iliyoishiwa betri. Akasingizia safari. Mara ya pili akasingizia malaria. Wanaume wa huku malaria imewabebea mengi, masikini. Mara ya tatu hakuja kabisa.

Haikuwa hiyo peke yake. Alikuwa anachoka kabla ya kuanza kazi. Ndevu alizokuwa akinyoa kila siku, sasa alinyoa mara moja kwa wiki. Vitu alivyovipenda, mpira, kwaya ya parokia, vikamtoka moyoni kimoja kimoja, na hakujua vimekwenda wapi. Akanunua unga wa mizizi kwa muuzaji mmoja wa stendi mwenye kipaza sauti, akaukoroga kwenye uji. Moyo ukamwenda mbio siku nzima, na kingine hakikubadilika.

Angeweza kumwambia Siwema. Sentensi moja tu ingetosha. Lakini Kilian aliona heri afe kuliko kuitamka, na hapo ndipo alipokosea.

Machi ikafika. Kwa akina Kilian, kijana haandiki barua ya posa kabla ya kulima kipande cha ngolo na binti anayemtaka. Mwanaume hufyeka majani, kisha huyalaza chini kwa miraba, mteremko mzima. Mwanamke huchimba katikati ya kila mraba na kwa udongo huo hufunika majani, likabaki shimo la kuzuia maji ya mvua na tuta la kupandia maharage. Kazi ya mmoja haina maana bila ya mwenzake. Na mwanaume asiyemtaka tena binti hana haja ya kumwambia. Huweka kibarua amlazie majani.

Kilian aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini siku mbili za kufyeka zilimmaliza, naye akaogopa kuanguka mbele ya mama yake na mchumba wake. Akamwomba jirani yake Tadei alaze majani alfajiri, kwa siri. Yeye angefika kabla ya wanawake, ashike fyekeo, aonekane amemaliza. Akaegesha fuso chini ya mteremko, akasema apumzishe macho kidogo.

Siwema alipanda na shangazi yake saa moja, jembe begani, khanga mpya kiunoni. Alikuwa amejifunza kuchimba ngolo kwa wiki nzima, mtu wa ziwani, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Juu ya mteremko akamkuta mama yake Kilian amesimama, mkono mdomoni, na Tadei anahangaika na miraba ya mwisho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu kwa sauti ndogo, asimtazame.

"Kilian yuko wapi? Na huyu kaka ni nani?"

Tadei akatupa majani chini. "Mimi nimeombwa tu, dada. Msinitie kwenye mambo yenu."

Shangazi Jacqueline, aliyeolewa huku Umatengo miaka ishirini iliyopita, akamshika mpwa wake mkono. "Siwema, shuka twende."

"Kwa nini shangazi? Si majani yamelazwa?"

"Yamelazwa na mwanaume mwingine. Huku maana yake hakutaki. Amekuita mbele ya mama yake kukuambia hakutaki."

Siwema akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena na tena, huku simu ikilia ndani ya fuso, mita mia mbili kutoka alipokuwa, kwenye mfuko wa mtu aliyelala. Mwishowe akaliweka jembe chini taratibu, katikati ya mraba usiochimbwa, na akashuka kwa upande wa pili wa mlima.

Saa nne Kilian aliamka na kukuta amepigiwa mara kumi na moja. Alipopiga, simu ilipokelewa mara moja.

"Siwe, mpenzi, nisikilize."

"Nilikuwa nakusikiliza tangu asubuhi, Kilian. Hukusema kitu."

"Si kama unavyofikiri."

"Kuna mwanamke mwingine?"

"Hakuna! Nakuapia."

"Basi kuna nini?"

Akafungua mdomo. "Nilipitiwa na usingizi," akasema.

"Endelea kulala," Siwema akajibu. "Na usinipigie tena." Kesho yake akarudi Ngumbo, hana hamu hata ya soko.

Wiki nzima Kilian alikaa na aibu yake. Siku ya nane akautoa ule unga chini ya kiti, akaumwaga kwenye mtaro, akaenda hospitali akiwa hajanywa hata chai. Alipoingia chumba cha daktari na kukuta ni mwanamke, nusura ageuke.

"Karibu kaka, kaa," Daktari Otilia akasema. "Una shida gani?"

"Malaria."

"Dalili?"

Kilian akatazama sakafu. Halafu akasema yote, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, haraka haraka, kama mtu anayetapika. Daktari hakucheka wala kushangaa. Akamwuliza analala saa ngapi, anakoroma kiasi gani, anakunywa bia ngapi, anakula nini njiani. Akampima uzito, kilo mia na nne. Akamtoa damu asubuhi ile, na asubuhi nyingine baada ya wiki, kwa sababu homoni aliyotaka kuipima huwa juu zaidi asubuhi na kipimo kimoja hakitoshi. Majibu yakarudi yote mawili yakisema kitu kimoja.

"Homoni ya kiume, testosteroni, iko chini," daktari akamwambia. "Si uchawi, na si kwamba wewe si mwanaume. Wanakuja wengi, ila wote huanza na malaria."

"Kuna sindano, daktari? Nichome hata leo."

"Ipo. Lakini mnataka watoto?"

"Tulikuwa tunataka."

"Basi tusianze nayo. Ukiichoma, mwili unaweza kuacha kutengeneza mbegu. Vipimo vingine ni vizuri, kwa hiyo naona kwako kilichoishusha ni uzito, usingizi mbovu na pombe. Tuanze hapo. Unga wa stendi usiuguse tena, hakuna anayejua umechanganywa nini. Na ufanye kazi za nguvu, za kubeba na kuinama, siyo kukaa kwenye kiti tu. Itachukua miezi, na siahidi miujiza."

"Miezi ninayo," Kilian akasema. "Ila kuna mtu lazima nimwambie kwanza."

Kilian alifika Ngumbo Jumapili mchana, vumbi la bodaboda mpaka kwenye kope. Siwema alikuwa ufukweni, anageuza usipa kwenye chanja kwa mikono miwili, gauni jekundu lililopauka limekunjwa magotini, jua limemng'arisha mabega. Alimwona na hakusimamisha kazi.

"Dagaa zimepanda bei. Na hapa hapalaliwi."

"Siwema, naumwa."

"Malaria?"

"Hapana." Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Homoni yangu ya kiume imeshuka. Ndiyo maana nachoka, ndiyo maana nilikuwa nakukimbia. Sikukosa kukupenda hata siku moja. Majani nilishindwa kuyalaza, nikaona haya kusema, nikamwita Tadei."

Mawimbi madogo ya ziwa yaliendelea kulamba mchanga, na mama mmoja chanja ya jirani akajifanya hasikii. Kisha Siwema akamrushia konzi ya usipa kifuani.

"Mjinga wewe! Mimi nimekaa najiuliza kwenye kioo nina kasoro gani! Nimejiona mbaya, Kilian. Nimejiona nanuka samaki!"

"Nisamehe."

"Kuumwa nisingekuacha. Umemtafuta mtu wa kukulazia majani. Kesho ungemtafuta na mtu wa kuongea na mimi?"

"Nisamehe, mama usipa."

"Usiniite hivyo." Lakini machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. "Daktari amesemaje?"

Akamweleza yote, mpaka ile ya sindano na watoto, mpaka kwamba huenda isipande kabisa. Siwema alisikiliza akiwa ameketi ukingoni mwa chanja. Kilian alipomaliza, akamwangalia kuanzia kichwani hadi tumboni.

"Siahidi kitu. Machi ijayo nitapanda Mapera na jembe langu. Nikimkuta mtu mwingine juu ya mteremko, hata awe malaika, nageuka."

"Hutamkuta."

"Na kila siku jioni utanipigia. Siku umechoka utasema umechoka. Siku mwili umegoma utasema umegoma. Ukinidanganya nitajua."

Kilian akaanza. Akaacha bia, na marafiki wakamnunia wiki mbili. Fuso likalala saa mbili usiku na yeye akalala. Chipsi za njiani zikageuka maharage na mboga alizofungiwa na mama yake. Kila alipokuwa nyumbani alipanda mlima na jembe, akabeba mawe, akachimba mitaro ya kahawa ya watu ambao hawakumwomba. Miezi miwili ikapita hakuona tofauti yoyote, na alimwambia Siwema hivyo kwenye simu, sauti imemkauka.

"Umechoka?"

"Nimechoka. Nataka kuacha."

"Kesho utaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Basi bado hujaacha. Lala salama, dereva wangu."

Baada ya miezi mitano kilo kumi zilikuwa zimeondoka na jaketi la jinzi likafunga. Baada ya miezi saba alipitia kinyozi kunyoa ndevu mara mbili kwa wiki moja, akamsimulia Siwema kama mtu aliyebatizwa upya. Baada ya miezi kumi daktari akamsomea majibu: homoni imepanda, imeingia ndani ya kiwango, chini chini lakini ndani. Kilian alilia kwenye korido ya hospitali, na hakuona haya.

Machi ikarudi. Siwema alipanda mteremko wa Mapera saa moja asubuhi, kitenge cha ndege wa njano kimefungwa kiunoni, shangazi Jacqueline nyuma yake akihema. Hakuna Tadei. Alikuwepo Kilian peke yake, shati limelowa, nusu ya mteremko imeshapigwa miraba iliyonyooka, na mama yake amekaa kwenye kigogo akimtazama kwa raha.

"Umechelewa," Kilian akamwambia.

"Miraba yako imepinda."

"Ipi?"

"Hakuna. Nilikuwa nakutania."

Wakafanya kazi. Yeye alilaza, Siwema akachimba nyuma yake, udongo ukipiga majani kwa mlio mmoja. Jua lilipokuwa juu, ikiwa imebaki mistari mitatu, Kilian akasimama, akaegemea fyekeo. Mama yake akainuka nusu.

"Siwema," akaita, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Nimechoka."

Siwema akachomeka jembe ardhini, akaja akaketi kwenye tuta, akampa maji. "Basi tupumzike."

Wakakaa bega kwa bega mpaka pumzi yake ikatulia. Kisha Kilian akainuka mwenyewe, akailaza mistari mitatu, mraba hadi mraba, na Siwema hakumsaidia hata jani moja. Alikuwa anachimba shimo la mwisho simu yake ilipolia. Alikuwa baba yake, kutoka Ngumbo.

"Siwema, kuna mzee amefika hapa, anajiita Erasmo, baba mdogo wa Kilian. Ana barua ya posa. Anasema hataifungua bahasha mpaka nikuulize kwanza habari za mlimani. Habari gani hizo? Nimwambie nini?"

Siwema akamtazama Kilian, aliyekuwa anaokota fyekeo na kujifanya hasikii, akitabasamu mpaka masikioni.

"Mwambie majani ameyalaza mwenyewe, baba," akasema. "Atakuelewa." Kisha akampa Kilian simu amshikie, akarudi kulimalizia shimo lake.