Nyongeza ya Duka la Vitu vya Kale

Mhudumu alipanga sahani tatu mezani, na wateja wenyewe walikuwa wawili: fundi makochi na mkewe, waliokuja kwenye mji ule mdogo kula raha siku mbili.

"Tuko wawili tu, dada," fundi alisema.

"Na yule aliyeingia nyuma yenu? Nilidhani amekwenda kunawa."

Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Mama mkwe huyo! Nilijua hatatuacha tufaidi peke yetu."

Mkewe alimpiga kofi la begani, naye akacheka. Cheka, mama, cheka wakati bado unaweza.

Huyu mke ndiye mwenye hadithi, basi tumjue. Alikuwa na duka la vitambaa, na sokoni kwao walimwita Bi Nyongeza. Akinunua nyanya, lazima atupiwe moja juu. Akinunua sabuni, atataka hata kiberiti. Na yeye, tumpe haki yake, hakuwa mchoyo: ukinunua mita nne kwake, unaondoka na kipande cha leso bure. Kwake biashara bila nyongeza ilikuwa chai bila sukari.

Asubuhi ile, kabla ya chakula, walikuwa wameingia duka la vitu vya kale. Chumba kirefu, saa za ukutani zimesimama kila moja na wakati wake, makabati, taa za mafuta, na karibu na mlango kiti kimoja kitupu ambacho hakikuwa na vumbi. Fundi alipiga magoti kukagua springi za kochi. Mkewe alipenda sahani ndefu ya kauri ya kuandalia samaki. Mwenye duka, mzee mkimya, mkono mmoja mfukoni muda wote, alishusha bei kidogo, wakakubaliana, akaifunga sahani kwenye gazeti kwa ule mkono mwingine.

"Haya, na nyongeza?" mama akauliza.

"Nyongeza?"

"Ndiyo, baba. Mimi mwenyewe ni mfanyabiashara. Mteja haondoki hivihivi."

Mzee alitupa jicho kwenye kile kiti kitupu. "Dada, chukua sahani yako uende."

"Siondoki! Nipe chochote."

"Unaomba mwenyewe? Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu, jamani! Kwani nimeomba duka zima?"

Mzee alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani. "Nimekupa," alisema.

"Umenipa nini? Sioni kitu."

"Utakiona."

Akautoa ule mkono mfukoni kuwaaga. Kiganja kilikuwepo, lakini vidole vilining'inia kama soksi tupu. Mama alidhani ni kiharusi, akamwonea huruma. Walipofika kona ya mtaa walisikia mlango wa duka ukifungwa, na mzee ndani akicheka peke yake.

Sasa turudi mezani. Waliletewa kaa wanne, kamba wa kukaanga na pweza wa nazi. Wakala, wakapiga soga, na kila mara ilisikika kra, kra, ya magamba yakivunjwa. Mke alipoinua macho, ile sahani ya tatu ilikuwa imejaa magamba yaliyonyonywa yakabaki meupe.

"We mwanamume, umekula kaa wangu!"

"Nani? Mimi nimekula mmoja tu. Si wewe?"

Walitazamana. Pale kwenye kiti cha tatu palitoka harufu ya konokono wa baharini waliooza juani. Kisha, kra, na gamba moja zaidi likadondoka sahanini.

Hawakumaliza siku ya pili, walirudi kwao na basi la kwanza, na wewe msomaji ungefanya vivyo hivyo, lakini kumkimbia mtu uliyemwomba mwenyewe si kazi ya basi.

Siku ya kwanza nyumbani, saa saba mchana, mama alipika samaki, na samaki akaliwa, lakini si na wao. Siku ya pili kwa ukaidi akapika maharage. Jua lilikuwa linawaka, redio ya jirani ikisoma matangazo ya vifo, fundi ameshika kijiko, na ile harufu ikaingia bila mlango kufunguka, ikazunguka meza, ikasimama nyuma ya kiti chake, na kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kikaanza kuinuka chenyewe taratibu, kikakunjwa upande usiokunjika, kikasema kra, na fundi akapiga yowe huku kidole kikinywea machoni pao, kikinyonywa kutoka ncha hadi shina, mpaka kikalala juu ya meza ngozi tupu, na kitu kisichoonekana kikajilamba midomo.

Hospitali walipiga picha. Daktari aliitazama, akaisafisha miwani, akaitazama tena. "Mfupa haupo," alinong'ona. "Mlimfanya nini huyu mtu?"

Kesho yake mama alinunua ndoo nzima ya kaa, akaiweka mezani akilia. Kaa hawakuguswa. Kilikuwa kimeshaonja kitu kitamu zaidi. Kra, kidole cha pili. Aliivunja ile sahani ya kauri vipande vipande uani. Kra, kidole cha tatu. Siku ya sita mkono wa kushoto ulikuwa umekwisha, na fundi, mtu aliyelisha nyumba yake kwa vidole kumi, alikaa sakafuni akiukumbatia wa kulia kama mtoto mchanga.

"Yule mzee," alisema kwa sauti ya chini. "Ule mkono wake, mke wangu. Uliuona?"

Mganga waliyeelekezwa alikuwa mwanamke mmoja mnene, walimkuta anaanika nguo, wala hakuacha kuanika.

"Sahani ulinunua, haina neno," alisema na kibanio mdomoni. "Huyu uliomba. Siwezi kumfukuza mgeni aliyeitwa na mwenye nyumba."

"Akimaliza vidole?"

"Kuna mbavu, mwanangu." Akakung'uta shuka. "Atatoka kama alivyoingia. Mtu akuombe nyongeza kwa mdomo wake, nawe umpe kwa hiari yako. Usimshawishi aombe, na usimwonye. Ukimwonya tu, habanduki kwenu milele."

Mama alirudi dukani mbio, karibu amshukuru Mungu. Kuombwa nyongeza! Wateja wake walimkera kwa hilo miaka kumi na mitano. Akaketi kusubiri mmoja mbaya mbaya. Na siku hiyo, ajabu, watu walinunua wakaondoka. Alikuja yule jirani aliyewahi kumwibia kuku. Alipima mita tano, akafungua mdomo, "Na nyo..." akaangalia saa. "Basi tu, nimechelewa. Asante, mama." Mama alitaka kumrukia shingoni.

Siku mbili zikapita hivyo, na vidole viwili. Siku ya tatu ilikuwa saa saba kasoro dakika tano alipoingia mdogo wake.

Mdogo wake huyu alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Mimba tatu zilikuwa zimemtoka. Hii ya nne ilikuwa na miezi saba, na alitembea amelishika tumbo kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba chungu cha maji.

"Nataka pamba laini, dada. Ya kumfunikia huyu bwana mkubwa."

Mama alipima. Akakosea, akapima tena. "Chukua uende," alisema. "Nenda, nina kazi."

"Unanifukuza?" Mdogo mtu alicheka. "Na nyongeza yangu je? Umenizoesha mwenyewe!"

Simu iliita. Ilikuwa ya nyumbani.

"Mke wangu," fundi alinong'ona, anahema. "Kimeshasimama nyuma ya kiti. Kimeshika kidole gumba. Nakuomba. Nakuo..." Kra.

Mama alimtazama mdogo wake usoni. Angeweza kusema hapana. Angeweza kumwonya, akaenda kumzika mume. Alijua vizuri anachofanya, wala asije mtu akaniambia hakujua.

"Nimekupa," alisema.

Kule kwenye simu ukelele ulikatika. Fundi akaanza kulia kwa furaha, akihesabu vidole viwili alivyobakiwa navyo.

"Umenipa nini, dada? Sioni kitu."

"Utakiona, mdogo wangu."

Wiki nzima nyumba ya fundi ilikuwa safi. Walikula kwa utulivu, mke akimlisha mume kwa kijiko. Mchana mmoja, saa saba, simu ikaita.

"Dada! Dada, umekaa? Natoka kliniki. Mkunga anasikia mioyo miwili! Siku zote alisikia mmoja, leo wawili. Mapacha, dada! Nimepewa nyongeza!"

Mama aliweka kijiko chini.

"Ila huyu wa pili ana vurugu, jamani, hamwachi mwenzake atulie. Mkunga anasema mmoja anakua na mwenzake anapungua, eti ni kawaida. Hebu sikiliza, naweka simu tumboni. Unasikia anavyocheza?"

Mama alisikia.