Bega la Léonie

Kila asubuhi, kabla ya chai, Léonie aliinama mbele ya meza, akaiegemea kwa mkono wa kushoto na kuuacha wa kulia uning'inie. Kisha aliutikisa taratibu, mbele na nyuma, halafu akauzungusha. Baada ya hapo alisimama karibu na ukuta wa mbao, akavipandisha vidole kidogo kidogo mpaka maumivu yamwambie basi. Ungemwona ungecheka, ukadhani ni mchezo wa watoto wadogo. Haukuwa mchezo hata kidogo.

Léonie alikuwa na miaka kumi na miwili. Vita vilimtoa yeye na mama yake kwenye milima ya Masisi, vikawatupa katika kambi ya wakimbizi nje ya mji wa Goma. Huko nako vita vikawafuata. Bomu lilianguka kati ya vibanda mchana kweupe, watu wakipika. Mama yake hakuinuka tena. Yeye alivunjika bega, akapasuliwa hospitalini, akatiwa chuma cha kushika mfupa. Alipotoka, mama yake mdogo, Léocadie, alimchukua nyumbani kwake Keshero, karibu na ziwa.

Mazoezi alifundishwa na Papa Adalbert, mganga wa viungo, ambaye watu wa Goma humwita kine. Kila juma alikuja kumtazama.

"Polepole, mutoto wangu," alimwambia. "Bega halina haraka. Na usiinue kitu kizito na mukono huu mpaka nikuambie."

"Ndiyo, Papa."

Angeendelea hivyo, angepona vizuri. Lakini ulimi, jamani! Nyumba ile ilikuwa na watu wengi, na maji yalichotwa ziwani. Mchotaji alikuwa Daniella, binti wa Mama Léocadie, rika moja na Léonie, na alikuwa amechoka. Jioni moja, Léonie akimega bugali, Daniella alisema, "Mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Huyu mwenzetu mukono wa kula anao, wa kuchota hana."

Wadogo wakacheka. Léonie alimtazama mama yake mdogo, akingoja amkaripie binti yake. Mama Léocadie aliendelea kula. Kimya kile kilimuuma Léonie kuliko bega.

Kesho yake alfajiri aliamka wa kwanza, akachukua bidoni, lile dumu la maji, na mkanda. Wasichana wengi wa Kivu hubeba mzigo mgongoni, mkanda ukipita kwenye paji la uso na kuushika usianguke. Léonie alijiambia, "Kine alikataza mukono. Hakukataza kichwa." Akaona amepata njia ya kufanya kazi bila kuvunja amri. Maskini!

Njia ya kutoka ziwani ni mawe meusi ya volkano, makali kwelikweli. Bega lilimchoma njia nzima, lakini alifika. Daniella alipoona bidoni imejaa, alitabasamu, akajifunika tena shuka na kulala. Tangu siku hiyo kazi ikawa ya Léonie.

Papa Adalbert aliporudi na kumshika bega, alikunja uso. "Limevimba. Umebeba kitu?"

"Hapana, Papa."

Alijibu akiangalia chini. Aliogopa kwamba akisema kweli atakatazwa maji, na yale maneno ya mezani yataanza upya. Papa Adalbert alimwamini. Alijilaumu kwamba amempa mazoezi mengi mno, akayapunguza, na baadaye akayasimamisha kabisa. Basi bega likanyimwa dawa yake, huku likipewa sumu kila alfajiri. Likaanza kukaza. Vidole vilivyokuwa vikipanda ukutani mpaka usawa wa macho, sasa vikaishia kifuani.

"Kama ni hivi," Papa Adalbert alimwambia Mama Léocadie mbele ya wasichana wote wawili, "inabidi arudi hospitali. Labda watapasua tena."

Léonie aliposikia kupasuliwa, woga uliishinda haya. "Nilibeba maji, Papa," alisema akilia. "Lakini kwa kichwa! Mukono sikuutumia!"

Kine hakumgombeza. Aliomba mkanda, akamwambia auvae bila mzigo. Léonie aliuweka kwenye paji la uso, na mikono yote miwili, kwa mazoea, ikapanda yenyewe kuushika kando ya masikio. Wa kulia ulifika nusu ya njia tu, ukatetemeka, naye akapiga kelele.

"Umeona?" kine alisema. "Kichwa kinabeba, lakini mabega ndiyo yanavuta. Sasa, nani alimutuma huyu mutoto?"

Daniella aliangalia miguu yake. Mama Léocadie ndiye aliyejibu. "Hakuna aliyemutuma. Na hakuna aliyemukataza. Kila asubuhi nilimusikia akitoka, nikanyamaza, kwa sababu maji tulikuwa tunayahitaji. Mutoto wa dada yangu! Marehemu nitamuambia nini?"

Hospitalini, picha ilionyesha kwamba chuma bado kimeshika, kwa hiyo Léonie hakupasuliwa. Mama Léocadie na Daniella wakawa wanachota maji kwa zamu. Mazoezi yakaanza upya, palepale mezani, kwa kitambaa cha maji ya moto begani na machozi mengi. Miezi ikapita. Mkono ukapanda mpaka usawa wa sikio, kisha ukagoma hapo.

"Papa, nitaweza kusuka nywele?" Léonie aliuliza siku moja.

"Za wenzako, ndiyo. Zako mwenyewe, hapana. Mukono huu hautafika kisogoni tena, sitakudanganya."

Léonie alishikwa na hasira. "Lakini mimi sikuwa mvivu! Nilifanya kazi!"

"Ulifanya, na kazi ni heshima," Papa Adalbert alisema. "Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Uliponidanganya, nilitibu bega la mutu mwingine, lako likabaki bila mganga. Ukiumwa, sema. Ukisimangwa, sema pia." Akamgeukia Mama Léocadie. "Na sisi wakubwa, mutoto akibeba asichoweza, kunyamaza kwetu ni kumuongezea mzigo."

Mama Léocadie alivuta kiti, akamketisha Léonie mbele yake, akachukua kitana na kuanza kumsuka, huku wote wawili wakilia.