Abiria wa Basi Dogo

Gari lililozimwa, lisilo na mtu ndani, halina sababu ya kutikisika. Seremala alilijua hilo, ndiyo maana alisimama uani na kikombe chake cha chai, akalitazama basi dogo lake likiinama upande mmoja, taratibu, kama linavyoinama gari anapopanda mtu mnene, kisha likatulia. Akajiambia ni springi. Springi za gari kuukuu zina mambo yake. Akamaliza chai, akaingia kazini.

Basi hilo alikuwa amelipata kwa kubadilishana. Alitoa pikapu yake ya dizeli, iliyombebea vitanda na makabati tangu ujanani, akapewa hili, ambalo mwenyewe wa kwanza, mwalimu mstaafu, alikuwa ameanza kuligeuza nyumba ya kusafiria akaishia njiani. Sakafu ya mbao ilikuwa imewekwa, kuta zimevikwa mbao nzuri, lakini hapakuwa na kitanda wala jiko, na mlango wa nyuma ulikuwa umeegeshwa tu. Mwalimu huyo hakuuliza pikapu inakunywa dizeli kiasi gani wala hakufungua boneti. Alichukua ufunguo akaondoka mbio, hata koti lake akalisahau kwenye kiti. Mtu mwingine angejiuliza kulikoni. Lakini seremala alikuwa ameshaanza kupima kitanda kwa macho, na fundi akishaanza kupima hasikii la mwadhini.

Tena alikuwa na sababu. Mkewe, mshonaji wa nguo, alikuwa akiomba kitu kimoja tangu waoane: watoke, wazunguke, waone kilichoko nyuma ya vilima wanavyoviona dirishani. Kila mwaka mume alijibu, "Bado kidogo, nimalizie kabati la watu." Mtaa mzima ulimwita Bado Kidogo, naye alicheka tu, maana ni kweli: hakuna kitu kilichowahi kutoka kwenye karakana yake kikiwa na kasoro, na hakuna kilichowahi kutoka kwa wakati.

"Haraka haraka haina baraka," alizoea kusema.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," mkewe alimjibu, uzi ukiwa mdomoni.

Siku basi lilipofika, mke hakununa kama mumewe alivyoogopa. Alilizunguka, akalipapasa, akajifuta machozi kwa mgongo wa mkono.

"Safari hii ni kweli?"

"Kweli kabisa, mke wangu. Nifunge kitanda tu."

Akafunga kitanda. Halafu akaona kitanda bila droo ni ubao tu, akatengeneza droo. Halafu droo zikataka vishikio. Mke akashona mapazia, akayatundika, akasubiri.

Mchana mmoja, jua likiwa la utosi na mtaa umenyamaza kwa joto, seremala alikuwa amelala chali chini ya kitanda hicho, skrubu zikiwa mdomoni. Mtu akapiga hodi mlangoni pa basi.

"Karibu, ingia tu," akajibu bila kutoa kichwa, kama alivyowajibu wateja maisha yake yote. Sauti ile aliijua, ila hakukumbuka ni ya nani.

Basi likainama. Alitazama sakafuni, hakuona miguu. Ikaja harufu ya asumini, na chini yake harufu ya chuma kilichopashwa moto mpaka kikawa chekundu. Uani kwao hapakuwa na asumini, wala hakuna jirani aliyeipanda. Alitoka huku amejigonga paji la uso, akaita, hakujibiwa na mtu.

Siku chache baadaye, wakiwa mezani, mkewe alimshika mkono.

"Jana ulinifurahisha sana," alisema kwa sauti ya chini, kama msichana.

"Jana lini?"

"Mchana, ulipokuja kujilaza na mimi mle ndani ya basi. Ukanieleza njia tutakayopita."

Jana mchana seremala alikuwa dukani anatafuta bawaba. Akalirudisha tonge sahanini.

"Nilikwambia nini kingine?"

"Kwamba umechoka kusubiri." Mke akacheka. Mkono wake ulinukia asumini.

Seremala hakulala vizuri. Mchana uliofuata alijifanya anakwenda sokoni, akazunguka nyuma ya nyumba, akajibanza ubavuni mwa basi, sikio kwenye bati lililokuwa la moto. Alimsikia mkewe akicheka, na mwanamume akimjibu, na yule mwanamume akakohoa kikohozi cha mtu aliyevuta vumbi la mbao miaka mingi, kikohozi cha seremala mwenyewe, kisha akasema "mke wangu" kwa sauti ya seremala, ile ile iliyopiga hodi, ambayo hakuitambua kwa sababu hakuna mtu anayetegemea kujisikia akibisha mlangoni kwake, na ikaendelea kuahidi mito na barabara na miji, tena bila kusema bado hata mara moja, hadi seremala akauvuta mlango kwa nguvu zote.

Mkewe alikuwa peke yake, amelala ubavu. Kando yake godoro lilikuwa limebonyea, na pale pale mbele ya macho ya mumewe likaanza kuinuka polepole.

"Mbona umeshuka halafu unapanda tena?" mke aliuliza.

Jioni ile seremala alikwenda kwa mganga, bibi mwembamba mwenye miwani, asiye na ngoma wala hirizi. Bibi alikuja asubuhi na mkoba wake, akanusa mlangoni, akakaa kwenye ngazi ya basi kama mtu anayesikiliza redio.

"Huyu ni jini wa njia, mwanangu. Nyumba yako haitaki, anataka kwenda. Amekaa muda mrefu kwenye gari lisiloondoka, na sasa kapata mtu anayetamani anachokitamani yeye."

"Atatoka vipi, bibi?" Seremala alinong'ona. "Mke wangu ananiponyoka nikimwona."

"Liendeshe wewe mwenyewe mpaka nje ya mji, leo. Mkeo abaki nyumbani. Liache huko, urudi kwa miguu. Jini akiondoka na wewe, atakuacha. Akiondoka na mkeo, hamtaonana."

"Leo? Mlango wa nyuma bado haujakaa sawa. Utagongagonga njia nzima."

Bibi alivua miwani, akamtazama.

"Litoe hivyo hivyo."

Seremala akaapa atalitoa. Akamsindikiza bibi hadi getini, akarudi akatia ufunguo mfukoni. Dirishani mkewe alikuwa ameinamia cherehani, na mlio wake ulimtuliza. Akashika mlango wa nyuma aufunge. Ukaning'inia. Bawaba ya chini ilikuwa na skrubu fupi. Kazi yake, mlango wake, unaning'inia mbele za watu barabarani! Ni skrubu moja tu. Akaingia karakana.

Skrubu ndefu hazikuwa mahali pake. Akatafuta kwenye kopo, akatafuta kwenye droo, na cherehani ilikuwa inalia. Akaipata moja, akaona kichwa chake kimeliwa, akatafuta nyingine, na cherehani ilikuwa inalia. Akaona afadhali achukue na randa, kwa kuwa ukingo ulikuwa unakwaruza, na alipoinama kuichukua akagundua kwamba kwa muda fulani, hakujua muda gani, alikuwa hasikii kitu chochote ila pumzi zake, na kwamba karakana nzima inanukia asumini.

Alitoka mbio. Uani palikuwa na alama mbili za magurudumu. Ndani, kitambaa kilikuwa bado chini ya sindano. Aliita chumbani, aliita jikoni, akajipapasa mfukoni akakuta ufunguo wa basi uko pale pale. Akakimbilia barabarani na randa mkononi.

Kwenye kona, fundi baiskeli, jirani yao wa siku nyingi, alikuwa anaziba pancha. Alipomwona akashtuka, akaiangusha pampu.

"Umerudije wewe?"

"Umemwona mke wangu?" Seremala alikuwa analia waziwazi. "Jirani, umemwona?"

"Si nimewaona sasa hivi mkipita? Wewe umeshika usukani, ukanipungia mkono. Mwenzio kakuegemea begani, anacheka mpaka nami nikacheka." Fundi baiskeli akatazama upande wa vilima, kisha akamtazama yeye, sauti ikamshuka. "Nikasema moyoni, afadhali. Hatimaye kampeleka."