Yeyote Atakayekuja

Jumatano jioni mtoto alirudi nyumbani amekatwa kucha.

Si moja wala mbili. Zote ishirini, za mikono na miguu, zimefuata mviringo wa kidole na hakuna palipochubuka. Mama yake alikaa naye sakafuni, akavigeuza vidole kimoja kimoja asiamini. Mtoto huyu, waliyemwita Kifungo kwa udogo wake, alikuwa anakaribia miaka miwili, na hakuna binadamu aliyewahi kumkata kucha akiwa macho. Mama yake alikuwa akimvizia alale, akate tatu, mtoto azinduke, vita vianze.

"Nani kakukata kucha?"

"Mama," alijibu Kifungo, akachomoa mguu wake.

Mwingine angeogopa papo hapo. Yeye alikasirika, na hasira zake tumwelewe, maana alikuwa amefika mwisho. Kazi yake ilikuwa kukata vitambaa kwenye karakana ya sare za shule, kusimama kutwa mbele ya meza ndefu akiongoza mashine kwenye matabaka arobaini ya kitambaa, mahali ambapo mkono ukiteleza kidogo mashati arobaini yanaharibika kwa mpigo. Mama mkwe aliyekuwa akimlea Kifungo alikuwa ameitwa kwenda kumuuguza binti yake mwingine. Msimamizi wa karakana akampa mkata vitambaa wiki mbili za kutafuta mlezi, tena akazitoa kama mtu anayeng'olewa jino.

Kwa wiki mbili hizo alizunguka nyumba za walezi mpaka soli zikalika. Nyumba ya kwanza ilikuwa na watoto kumi na wawili na televisheni moja, na wote kumi na watatu, mlezi akiwemo, walikuwa wameikodolea macho. Ya pili ilikuwa safi, ila chupa za dawa zilipangwa usawa wa goti, na alipouliza akaambiwa, "Watoto wangu wameshazoea." Mlezi wa tatu alimpokea akiwa na kijiko cha dawa ya kikohozi mkononi, na swali lake la kwanza lilikuwa kama mtoto husinzia haraka. Wa nne hakutaka mtoto anayevaa nepi. Mume wa mkata vitambaa, dereva wa lori aliyekuwa safarini mwezi mzima, kila alipopigiwa simu alisema, "Usiwe na presha, utapata tu," halafu mtandao unakatika.

Ndipo akampata Bi Kanuni.

Jina hilo alipewa na wazazi wa watoto aliowalea. Alikuwa karani wa mahakama aliyestaafu, na nyumba yake aliiendesha kama masjala. Watoto sita tu. Kila mtoto na ndoano yake ya kutundikia mkoba, kwa urefu wa mtoto mwenyewe, na picha yake juu yake. Visu juu kabisa, sabuni chini ya kufuli, lango lenye komeo upande wa juu. Maswali yote aliyokuja nayo mkata vitambaa yalijibiwa kabla hajayauliza. Kidogo alie kwa furaha.

Tatizo lilikuwa daftari. Kila anayeingia na kutoka anatia sahihi na saa, na mwishoni mwa ukurasa wa kila mtoto pana mistari miwili: watu wengine wanaoruhusiwa kumchukua. Jumatatu ya kwanza, zikiwa zimebaki dakika kumi msimamizi afunge mlango wa karakana, Bi Kanuni alimsimamisha pale langoni na kalamu.

"Majina mawili."

"Sina, Bi mkubwa. Baba yake yuko safarini. Bibi yake kaondoka. Ni mimi tu."

"Weka dada yako."

"Hatusemezani."

"Jirani, basi."

"Ndiyo kwanza tumehamia!"

"Basi mtoto haingii. Kanuni ni kanuni."

Nyuma yao walikuwa wamepanga foleni wazazi watatu, na mmoja wao alisonya. Msonyo ule ndio uliomaliza kila kitu. Mkata vitambaa alinyakua kalamu, akaandika YEYOTE kwenye mistari yote miwili, akatia sahihi, na kwa kuwa alikuwa ameshapandwa na mori, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Yeyote atakayekuja, mpe!"

Komeo la lango lilijifungua. Lango lilisogea kiasi cha mtu kupita ubavu, likarudi. Ikaja harufu ya udongo uliolowa, na mvua haikuwa imenyesha kwa miezi miwili. Bi Kanuni aligeuka kuona nani kaingia, asione mtu.

"Kesho uje na majina," alisema, akafunga daftari.

Kesho yake wote wawili walisahau.

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi, baada ya kuziona zile kucha, mama alifika langoni amejiandaa kwa ugomvi.

"Bi mkubwa, nani kakuruhusu umkate mwanangu kucha?"

"Mimi?" Bi Kanuni alivua miwani. "Mimi sigusi kucha za mtoto wa mtu. Si ulimkata mwenyewe jana, hapo kibarazani?"

"Jana saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu, ulipokuja kumchukua. Ukamrudisha saa kumi, ukaja tena saa kumi na moja. Kila siku ndivyo unavyofanya. Nikajua ndizo zamu zenu."

Saa tatu na nusu ya jana alikuwa amesimama mbele ya matabaka arobaini ya kitambaa cha buluu. Alilivuta daftari. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Sahihi ni yake, haina mjadala, ila ilikuwa imeandikwa taratibu, kwa mkono uliotulia, jinsi ambavyo angeiandika kama angekuwa na muda.

Aliipitishia kidole sahihi ile mara mbili. Lakini saa nayo ilikuwa inakwenda, na msimamizi alikuwa ameshamwambia kwamba akichelewa mara moja tu, asijisumbue kurudi. Aliwaza kwamba huenda bibi huyu uzee umeanza kumchezea. Hilo lilikuwa wazo jepesi, akalishika.

"Leo usimtoe. Usimpe mtu yeyote kabla ya saa kumi na moja."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Niandikie," alisema Bi Kanuni, na akaandikiwa.

Saa nne alipiga simu akiwa amejificha nyuma ya marobota. Bi Kanuni alipokea kwa kunong'ona.

"Mtoto yupo?"

"Yupo. Sijamtoa, kama ulivyoandika."

"Mbona unanong'ona?"

Nyuma ya mnong'ono ule akasikia mwanamke anambembeleza mtoto kwa wimbo usio na maneno, ule aliokuwa akiutunga mwenyewe kila usiku Kifungo akikataa kulala, na sauti iliyokuwa ikiuimba ilikuwa yake.

"Umekuja mwenyewe," alinong'ona Bi Kanuni. "Umekaa naye humo ndani. Sasa huyu ninayeongea naye ni nani?"

Aliiacha mashine inanguruma katikati ya kitambaa akakimbia, na msimamizi akimwita nyuma yake hakugeuka, akapita mtaa wa mafundi magari na mtaa wa wauza vioo, na kila alipokaribia ile nyumba ndivyo harufu ya udongo uliolowa ilivyozidi kumjaa puani, mpaka akafika langoni na kukuta komeo liko wazi, na sebuleni watoto watano wamekaa nusu duara, wameelekea chumba cha ndani bila kukohoa wala kupepesa macho, na Bi Kanuni amesimama ukutani ameshika simu ambayo ilikuwa imekatika zamani, na kule chumbani, juu ya godoro dogo, amekaa mwanamke aliyempa mgongo, gauni lile lile alilovaa yeye, kovu lile lile la pasi nyuma ya bega, na Kifungo amelala mapajani mwake.

"Niachie mwanangu!"

Mapaja yakawa hayapo. Kifungo alidondoka kwenye godoro, akaangalia ukuta, akaanza kulia kilio cha mtoto aliyeachwa. "Mama! Mama!" Alikuwa anaulilia ukuta. Mama yake alipomshika, alimpiga mateke.

Siku hiyo hiyo Bi Kanuni alimtaja Mama Soli. Huyu alikuwa fundi viatu wa nyuma ya kituo cha mafuta, na kwa wanaojua alikuwa mganga pia. Alikuja Ijumaa asubuhi na nyundo yake na misumari midogo kaibana midomoni, akaongea kupitia misumari hiyo hiyo. Watoto wengine waliambiwa wasije.

"Huyu hakuvunja mlango," alisema baada ya kusoma daftari. "Kaitwa, tena kwa sahihi. Yupo jini mwizi, huyo namtoa kwa saa moja. Huyu hukalia nafasi ya mtu iliyoachwa wazi. Mimi simuwezi. Utamtoa wewe uliyemwandika."

"Nifanye nini?"

"Futa jina. Akija, mwambie. Atakachouliza ujibu kweli. Na hasira zako ziweke mfukoni, unanisikia mwanangu?"

"Nasikia."

Saa tatu na nusu, jua likiwa linawaka kibarazani, komeo lilijifungua. Aliyeingia alikuwa na uso wa mkata vitambaa mwenyewe, uliolala vya kutosha. Hapakuwa na weusi chini ya macho. Gauni lilikuwa limepigwa pasi. Alisimama nje ya kizingiti akamtabasamia Kifungo, na Kifungo akainua mikono. Mama alimkaza mtoto kifuani.

"Nimelifuta," alisema. "Huna ruhusa tena."

"Usipaze sauti, utamtisha mtoto."

Alitamani kumrarua. Aliiweka hasira mfukoni.

"Sawa," alisema yule, kwa upole. "Jumatatu utamwacha na nani?"

Ni swali lile lile alilokuwa akijiuliza kwa wiki tatu, akioga, akipika, akipanda ngazi, na sasa akiulizwa na mdomo wake mwenyewe akaziona tena nyumba zote alizokanyaga, televisheni na chupa za dawa na kijiko cha kikohozi, akamwona dada yake aliyemfungia simu, akamwona mume wake anasema usiwe na presha, akaiona meza ndefu na mashine yake na msimamizi anaangalia saa, na akaona kwamba kote alikopita, katika mji mzima, hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumjibia.

"Nauliza kwa wema tu. Na nani?"

"Simwachi na mtu. Nitakaa naye mwenyewe."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na kule kazini?"

Mama Soli alikuwa ameinama anagongomea msumari kwenye kizingiti, pa, pa, pa, na nyundo ilikuwa inamziba masikio. Mkata vitambaa alikuwa amevumilia vya kutosha.

"Kule akae anayetaka!"

Yule aliitikia kwa kichwa, kama mfanyakazi aliyepewa maelekezo. Alitoka taratibu, akalifunga lango nyuma yake. Harufu ya udongo ikaisha.

"Kaenda?" aliuliza Mama Soli, akiinua uso.

"Kaenda."

"Kwa hiari yake? Basi umemweza."

Wiki iliyofuata ilikuwa tamu na ngumu. Hakupiga simu kazini. Msimamizi aone mwenyewe pengo lake, alisema moyoni. Kutwa nzima alikuwa chini na Kifungo, wakipanga vifuniko vya sufuria, wakivipangua. Siku mbili za mwanzo mtoto alikuwa akiangalia ukuta. Siku ya tatu alikubali kulishwa. Alhamisi alilala kwenye mkono wa mama yake bila kuhangaika, na mama alilia kimya kimya asimwamshe. Kazi ilikuwa imekwenda na maji, lakini mtoto alikuwa wake.

Ijumaa, saa kumi na moja na robo, simu iliita. Msimamizi. Alijiandaa kwa matusi.

"Samahani kukusumbua, najua ndiyo kwanza umetoka," alisema msimamizi, kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwake. "Nilitaka kukushukuru tu. Wiki nzima hii! Sijaona mtu akikata kitambaa namna ile. Hukukaa hata kupumzika. Tena nimekuita pale getini usisimame."

"Nilisema nini? Pale getini?"

"Si ulisema unawahi nyumbani," alicheka msimamizi, "mtoto anakungoja."

Aliishusha simu. Nyumba ilikuwa imejaa harufu ya udongo uliolowa. Nje, hatua zilipanda ngazi bila haraka, zikasimama, na ufunguo ukaingia kwenye kitasa, na wa kwake yeye ulikuwa mfukoni; aliukamata mpaka ukamuumiza kiganja.

Kifungo aliangusha kifuniko cha sufuria. Alikimbia mlangoni, akapiga mbao kwa viganja viwili, kisha akageuka kumtazama yule mwanamke aliyekaa sakafuni.

"Dada, fungua," alisema. "Mama kaludi."