Mshale wa Karibu

Mpaka leo sijajua geji ile ilikuwa inapima nini. Nimewauliza mafundi, nimesoma nilichoweza kusoma, nimekaa mbele yake kimya kama mtu anayetazama uso wa mgonjwa, na bado sijui. Ninachoweza ni kueleza jinsi ilivyofika ukutani kwa dada yangu, na kilichofuata.

Mume wa dada, shemeji yangu, ni fundi umeme. Kazini anafunga nyaya za watu, nyumbani anacheza na zake. Starehe yake ni dashibodi za magari ya zamani. Huzing'oa geji kwenye yadi ya vyuma chakavu, akarudi nazo amezifunga kwenye kitambaa kama mayai. Meza ya kulia chakula ndiyo karakana yake. Spidomita moja ameigeuza saa ya ukutani. Geji ya joto la injini ameifunga kwenye tangi la maji ya moto bafuni, na kweli inakuambia kama utaoga au utasubiri. Dada humtania kwamba nyumba imekamilika, imebaki kufungwa magurudumu tu.

Mama yake shemeji anaishi nao. Masikio yake yalizima taratibu, kama redio inayoishiwa betri. Kuongea anaongea vizuri. Wewe ndiye unayepaswa kumgeukia uso ili asome midomo. Uziwi wenyewe alikuwa ameukubali. Kilichomnyima raha ni mlango. Mwanawe wa kwanza, kaka mkubwa wa shemeji, aliondoka zamani akiendesha gari lake, akaahidi kurudi, asirudi. Hapakuwa na habari ya ajali, wala mwili, wala kaburi. Kijana huyo alikuwa na hodi yake. Tangu utotoni hakuingia nyumbani bila kuita, "Hodi, mama, nina njaa," hata kama ametoka kula kwa jirani na midomo bado inang'aa mafuta. Na mama alikuwa na wazo moja lililomtafuna: kwamba mchana mmoja, wengine wakiwa kazini, mwanawe alifika, akapiga hodi yake, yeye asisikie, na mtoto akaenda zake akidhani amekataliwa.

Basi shemeji akaamua kumtengenezea mama yake hodi ya kuonekana kwa macho.

Alichukua geji ya mafuta, ya duara, yenye ukingo wa kromu, kutoka gari lililoliwa na kutu hata rangi yake haikujulikana. Aliuliza lilikuwa la nani. Mwenye yadi akacheka. "Gari likifa, bwana, halina mrithi." Nyumbani alifungua kioo, akafuta herufi za zamani kwa pamba na spiriti, kisha kwa brashi nyembamba akaandika mpya. Kushoto, mshale unapolala tangi likiwa tupu, aliandika TULIA. Kulia, penye tangi lililojaa, aliandika KARIBU. Nyuma aliweka taa ndogo, akaifunga geji ukutani kando ya mlango, na nje akaweka kitufe. Mgeni akibonyeza, taa inawaka na mshale unapanda polepole, kwa sababu geji za zamani haziruki. Huamka kama mtu mzima anayejikusanya kitini. Wageni walilalamika kuwa kidole kinachoka. Mama alifurahi mpaka akatokwa na machozi.

Mambo yalikwenda vizuri hadi alasiri moja ya mvua, dada alipoona mshale umeinuka kidogo kutoka TULIA. Hapakuwa na mtu mlangoni. Shemeji akasema ni unyevu umeingia kwenye kitufe, akakibadilisha. Kesho yake mshale ulikuwa umepanda zaidi. Akabadilisha nyaya. Ukapanda. Haukuwa unarukaruka kama wa geji mbovu. Ulipanda kwa mwendo mmoja, usiku na mchana, kama kitu kilicho safarini.

Mama aliuelewa kabla ya wengine. Alianza kuvaa vizuri tangu asubuhi. Alisogeza kiti chake kikaelekea mlango. Akawa anamwomba dada aandae sahani ya ziada, huku yake mwenyewe akiiacha ipoe bila kuigusa. Alikonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni. Dada alipomsihi ale, alimjibu kwa upole, "Nitakula naye, mwanangu. Yuko karibu."

Hapo dada akanipigia simu niende.

Nilifika mchana, jua limewaka, watoto wa jirani wanacheza. Mimi na shemeji hatujawahi kusalimiana bila kutaniana. Siku hiyo alinivuta jikoni na kunong'ona, "Shemeji, shika hii."

Ilikuwa geji. Mama alikuwa bafuni, na shemeji alikuwa ameitumia nafasi hiyo kuitoa ukutani. Nyaya zote alikuwa amezikata. Hata hivyo mshale ulisimama juu, umebakiza upana wa ukucha kufika KARIBU. Niliigeuza chini juu. Mshale haukutikisika. Ilikuwa na joto, kama boneti ya gari lililozimwa sasa hivi, na kioo kilikuwa na ukungu. Nilikifuta kwa kidole. Ukungu haukutoka.

Ulikuwa upande wa ndani.

"Tatizo ni neno," dada alisema kwa sauti ya chini, akimtazama mumewe. "Wewe uliandika karibu ya kumwambia mtu aingie. Mama anaisoma karibu ya kutokuwa mbali. Na hukuandika karibu nani."

Shemeji alitaka kuivunja kwa nyundo. Sisi si wepesi wa kusema uchawi katika ukoo wetu, ila pia hatuwacheki wanaosema, na nyundo sikuipinga. Kilichomzuia ni mama. Akiikuta imevunjwa, ataamini kwamba mwanawe mdogo amemfungia mlango mwanawe mkubwa, na tumbo lile halitapokea chakula tena. Shemeji akairudisha ukutani hivyo hivyo, nyaya zikining'inia.

Mama alitoka bafuni, akajipaka mafuta, akakaa kitini pake. Tulikaa naye. Sahani mbili zilikuwa mezani zimefunikwa.

Mshale ukafika.

Taa ndogo ikawaka. Haikuwa imeunganishwa na kitu.

Mama aliinua mkono. "Nyamazeni. Anapiga hodi."

Sisi wenye masikio hatukusikia chochote. Wala watoto wa jirani hatukuwasikia tena. Mama alitabasamu, mkono kifuani. Mdomo wake ulifunguka kuitikia. Kisha ukafungika. Akainamisha kichwa, kama anayesikiliza maneno ya chumba cha pili.

"Anarudia," alisema.

Shemeji alipiga magoti mbele yake ili midomo yake ionekane. "Mama. Ni sauti yake?"

"Ni yake." Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Lakini anasema, hodi mwenye nyumba."



"Mwanangu anaweza kusahau njia," mama akasema. "Hawezi kusahau kwamba ana njaa."

Alitukumbusha tulilofundishwa sote tukiwa wadogo, kwamba mgeni asiyeitikiwa hodi ya tatu huondoka. Hodi ya tatu ilikuwa bado. Tuliamua palepale, kwa macho zaidi kuliko kwa maneno: asiitikiwe, na neno lile lifutwe. Shemeji alileta brashi na rangi nyeusi. Alipiga hatua kuelekea ukutani, akasimama, rangi ikadondoka sakafuni. Nikainuka nimsaidie. Mama akanishika shati.

"Nipe mimi," alinong'ona. "Anayesubiriwa ni wangu."

Alitembea peke yake mpaka mlangoni. Akapaka rangi juu ya kioo, pale penye KARIBU, herufi baada ya herufi, bila haraka. Midomo yake ilikuwa inatembea. Dada, ambaye kwa kuishi naye amejifunza kusoma midomo, aliniambia baadaye alichokisema: kama ni wewe, nisamehe, kama si wewe, nenda.

Alipomaliza herufi ya mwisho alisimama, akasikiliza. Sijui kama hodi ya tatu ilipigwa. Hakutuambia. Taa ilizimika. Mshale ukashuka polepole mpaka TULIA. Nje, mtoto mmoja akacheka. Mama akarudi mezani, akafunua sahani yake akala, akafunua na ya mwanawe akala, akilia, mpaka zote mbili zikaisha.

Geji ingali ukutani. Tulikubaliana kwamba kioo chake kisifunguliwe na mtu yeyote, na kwamba atakayeigusa ni mama tu. Ndiye anayeifuta vumbi kila asubuhi. Ukungu haujawahi kutoka. Ila nilipowatembelea mara ya mwisho niliona, kando ya ile rangi nyeusi, sehemu ndogo ya duara iliyo safi, kama anayoifuta mtu aliye ndani ya gari ili aone nje.

Kwa nje anafuta mama. Kwa ndani, sijui ni nani.