Maiti Aliyepewa Jina la Baba

Glavu za mpira hazipitishi joto kirahisi, lakini Wawira alipogusa aota ya maiti, ule mshipa mkubwa unaoteremka tumboni mbele ya uti wa mgongo, alihisi uvuguvugu. Akautoa mkono upesi. Murithi alikuwa akifunua kitabu cha picha kwa kiwiko, na Hidaya akifuta machozi ya formalini, dawa ile ya kuhifadhia maiti inayochoma macho ya kila mtu. Hakuna aliyeona kitu. Wawira akajiambia ni joto la taa, akaendelea kukwangua mafuta.

Maiti huyo hakuwa na mwenyewe. Alikuwa mmoja wa wale wanaokaa mochari bila kudaiwa hadi wakapewa wanafunzi wa udaktari, na wanafunzi wa chuo hicho cha Meru walikuwa na mtindo wa kuwabatiza. Meza ya jirani ilikuwa na Bosi. Nyingine ilikuwa na Pasta. Siku ya kwanza Murithi alitaka wa kwao aitwe Mheshimiwa kwa ajili ya kitambi, na Wawira akaona huruma.

"Tumwite Kivuti," alisema.

"Si hiyo ni jina ya babako?" Hidaya alimuuliza.

"Eeh. Angalau akuwe na watu wake."

Hapo ndipo alipoteleza, na hakuna wa kulaumiwa ila yeye. Kwao Manyatta, kule Embu, jina la mzee si kitu cha kutania. Anayepewa jina hilo huchukua nafasi ya mzee huyo nyumbani, na mama humwita mwanawe mchanga "baba" mchana kweupe bila mtu kucheka. Wawira alijua haya kabla hajajua kusoma. Lakini watu wakishavaa koti jeupe hudhani mambo ya kwao yamebaki langoni.

Walifika chini ya kitovu, pale aota inapogawanyika, tawi moja kwa kila mguu. Jioni hiyo Wawira alihisi baridi ndani ya tumbo lake mwenyewe, mahali pale pale, baridi isiyoondoka kwa chai wala blanketi. Wakasafisha ateri ya paja la kulia, naye akaanza kuburuta mguu wa kulia kwenye ngazi. Chumbani alijibonyeza kinenani, kama walivyofundishwa, kutafuta mpigo wa damu. Kushoto ulipiga. Kulia kulikuwa kimya. Kila mshipa waliousafisha kwa maiti ulizima kwake, na ngozi yake ilinuka formalini hata akitoka kuoga. Daktari wa zahanati alimpa dawa za maumivu, akamwambia apunguze wasiwasi.

"Murithi, tuache goti kwanza," alimsihi mwenzake kwa sauti ya chini, mwalimu asisikie. "Nakuomba."

"Tuache aje na mtihani ni wiki ijayo? Kama umechoka, enda upumzike. Mimi na Hidaya tutamaliza."

Basi akaenda kukaa nje kwenye nyasi, jengo zima likiwa kati yake na ile meza, akidhani umbali utamsaidia. Ukungu wa asubuhi ulikuwa haujapanda. Alihisi kwanza ncha ya kitu baridi nyuma ya goti, halafu vidole, vidole vya mtu mwenye subira, vikitenganisha mafuta na neva na vena kwa mpangilio ule ule wa kitabuni, vikaukuta mshipa wake na kuunyanyua kama mtu anayechomoa uzi kwenye pindo la nguo, na alipofungua mdomo apige kelele alisikia karibu na sikio lake pumzi yenye harufu ya formalini, na sauti ya mzee ikimwita kwa Kiembu, polepole, jinsi baba yake alivyomwita akiwa mdogo: binti yangu.

Hidaya ndiye aliyemkuta amelala chini. Nyuma yake alisimama Murithi, glavu bado mikononi, midomo imemkauka.

"Wawira," alinong'ona, "hiyo kitu inapiga. Nyuma ya goti. Nimeweka kidole nikasikia inapiga."

Hidaya alimpeleka siku hiyo hiyo kwa babu yake, Mzee Abubakar, aliyekuwa akiwasomea watu wenye majini katika nyumba ya mabati nyuma ya soko. Mzee aliushika mguu wa Wawira, akaunusa mkono wake, na wala hakuuliza ugonjwa.

"Mlimwita nani?"

"Kivuti. Ni jina la babangu."

"Nani alilitoa?"

"Ni mimi, babu."

Mzee akatikisa kichwa. "Mwili ule ulikuwa nyumba isiyo na mwenyewe, na jini akaingia. Alikuwa amekaa tu. Wewe ukampa jina, na jina lina ukoo, na ukoo una damu. Sasa anajaza mishipa yake kutoka kwako." Akaufunika mguu kwa kitambaa. "Aliyempa ndiye wa kumpokonya. Simama mbele yake umwambie jina si lake, atatoka. Lakini hatakwenda porini, mjukuu wangu. Atalifuata jina kwa mwenye nalo. Babako ana nguvu?"

"Ana nguvu. Ni mchinjaji huko kwetu."

"Basi atarudishwa mlangoni, maana mtu mzima kama huyo hana nafasi ndani. Kuna mwingine wa jina hilo? Mdogo?"

Dada yake Wawira, Mukami, alikuwa na mimba ya mtoto wa pili, mvulana kwa jinsi picha za hospitali zilivyoonyesha, na jina lilikuwa linamngoja: Kivuti, kama babu yake mzaa mama. Lakini mtoto huyo hakuwa amezaliwa. Alibakiza mwezi mzima. Na kesho mchana mwalimu mwenyewe angefungua unyayo wa maiti mbele ya darasa. Vidole vya mguu wa Wawira vilikuwa vimeshageuka rangi ya majivu, na alijua vizuri kabisa mguu usiopata damu huishia wapi. Aliogopa kukatwa mguu. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote.

"Hakuna," alisema.

Kesho yake, darasa lilipokwenda kula, aliingia chumba cha maiti peke yake. Alikuwa amepiga hatua chache tu mlango ulipojifunga nyuma yake, taratibu, kama unavyofungwa na mtu wa nyumbani asiyetaka kuwaamsha wengine. Akageuka akimbie na mguu wa kulia ukakataa, ukabaki sakafuni kama umepigiliwa misumari, na kutoka mezani ikaja sauti ya mpigo, kisigino cha maiti kikigonga bati la meza, kikigonga kwa mwendo wa moyo wake mwenyewe, na kila moyo ulipokwenda mbio kwa hofu kisigino nacho kilikwenda mbio, na mishipa ile mitupu waliyoisafisha kwa mikono yao, ya tumbo na ya paja na ya nyuma ya goti, ilikuwa imejaa, imevimba, inatetemeka, na uso wa yule maiti, uliokuwa umefunikwa tangu siku ya kwanza, ulikuwa wazi umemwelekea.

"Wewe si Kivuti," alisema huku meno yakigongana. "Hilo jina ni la babangu. Nimelichukua. Toka."

Kisigino kikanyamaza.

Damu iliuingia mguu wake ikiwa ya moto, ikachoma hadi vidoleni, na Wawira akalia na kucheka kwa pamoja. Maiti alikuwa maiti tu, mzee wa watu, mkavu na baridi. Mlango ulifunguka kwa kusukumwa kidogo. Nje, Murithi na Hidaya walimkumbatia, na wakati wamemshikilia hivyo simu yake ikalia.

"Mukami amejifungua!" mama yake alipaza sauti. "Mapema, lakini ni mzima. Kivuti amefika nyumbani!"

"Mama, msimwite hivyo. Tafadhali. Mpeni jina lingine lolote."

"Wewe, umeingiliwa na nini? Ameshaitwa. Babako amemtemea mate ya baraka kifuani saa hii tu. Ngoja, dada yako anataka kukuuliza kitu."

Wawira alitaka kukata simu na hakuweza.

"Wawira," Mukami alisema kwa uchovu, "wewe unasomea hii maneno, niambie. Baba ananyonya vizuri, hata amefungua macho. Lakini mbona mguu wake wa kulia ni baridi hivi? Na ni dawa gani hii wamemwosha nayo, inanichoma macho?"

Wawira aliinama akashika unyayo wake mwenyewe. Ulikuwa na joto, na mshipa ulipiga vizuri.